Watu Wawili Ndani ya Mita Kumi na Moja

Kwetu Tanga mtu akisema anaishi baharini tunaelewa kwamba anavua, au anapakia mizigo, au anajitapa tu. Hatuelewi kwamba ana kitanda huko, ana rafu ya vitabu, mswaki wake umo kikombeni, na mkewe yuko ndani anakaanga vitunguu. Kwetu baharini ni kazini, nyumbani ni nchi kavu. Mwanamume anatoka, mwanamke anabaki, na katikati yao kuna maji. Nimekulia ndani ya mpango huo na sijawahi kusikia mtu akiuliza nani aliupanga.

Baba yangu ni nahodha wa jahazi. Hupeleka saruji, mabati na siku hizi viti vya plastiki kutoka Tanga mpaka Wete, Pemba, na kurudi na chochote kinachopatikana. Mama ni mzaliwa wa hukohuko Wete. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikapata alama za kuniwezesha kusoma tangazo la kazi, si za kuitwa kwenye kazi yenyewe, na tangu hapo nina shughuli mbili. Mchana naosha na kulinda boti za wageni zinazotia nanga upande wa Ras Kazone. Usiku naandika riwaya, ambayo imefika ukurasa wa 92 na mhusika mkuu bado hajapata nauli ya kwenda Dar es Salaam. Wenzangu wa jarida hili wanaijua riwaya hiyo, nimekwisha kuwachosha nayo. Leo nawapumzisha.

Mwezi wa Januari, kaskazi imeshika barabara, walikuja watu wawili nyumbani kumtafuta Baba. Wazungu, mume na mke, kutoka Nyuzilandi, wote wamepita miaka 65. Walikuwa na boti yao ya matanga, yoti kama tunavyoziita, urefu mita 11, na walikuwa wameishi humo miaka 14. Walitaka kwenda Pemba, kisha Unguja, kisha Mafia, na walitaka mtu anayejua milango ya miamba. Bibi ndiye aliyekuwa akizungumza. Mzee alisimama nyuma yake hatua moja, uso ameuelekeza kwenye mwembe wetu, utasema mazungumzo hayamhusu.

Baba alikuwa na shehena inamsubiri. Akasema, "Mchukueni huyu. Mlango wa Fundo anaujua tangu hajaota meno ya pili." Tukapatana shilingi 20,000 kwa siku na chakula. Mama akanifungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa, akaniuliza kitu kimoja tu:

"Huyo mwanamke analala humohumo chomboni?"

Nikasema ndiyo. Akanyamaza kama mtu anayepiga hesabu.

Walinitaka niwaite kwa majina yao. Nilijaribu siku ya kwanza, ulimi ukagoma. Mtu ana mvi mpaka kwenye nyusi, utamwitaje jina tupu kama mnacheza gololi pamoja? Nikawaita Mzee na Bibi, nao baada ya siku mbili wakaanza kuitana hivyohivyo wenyewe kwa wenyewe, kwa lafudhi yao, wakicheka.

Nikueleze, msomaji, nyumba yenyewe ilivyo, maana najua unataka kujua kama nilivyotaka mimi. Unashuka ngazi ya vidato vinne. Kushoto kuna jiko, kulia meza ya ramani, mbele yake viti viwili virefu na meza katikati, na mbele kabisa, kwenye omo, kitanda chao. Kitanda hicho ni cha pembetatu kwa sababu omo ya chombo ni pembetatu: vichwa vinakaa mbalimbali, miguu inakutana. Choo ni cha kupampu kwa mkono. Jiko la gesi limening'inizwa, chombo kikilala upande lenyewe linabaki wima na mchuzi haumwagiki. Hilo lilinishangaza kuliko mitambo yote iliyomo. Nimezoea wapishi wa majahazi, wanaopika juu ya sanduku la mchanga huku wameikumbatia sufuria kama mtoto mgonjwa.

Tanki la maji matamu lilikuwa la lita 300, na lita 300 kwa watu watatu si nyingi kama zinavyosikika. Vyombo vinaoshwa kwa maji ya bahari, vinasuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji matamu. Kuoga ni ndoo ya maji ya chumvi, na chupa moja ya maji matamu ya kumalizia. Umeme unatoka kwenye paneli mbili za sola, na kila jioni Bibi alitazama kipimo cha betri kama mama wa nyumbani anavyochungulia debe la unga.

Na kila kitu kina mahali pake. Hapa nasema kweli, kila kitu. Chumvi ina shimo lake kwenye rafu, tochi ina ndoano yake, kisu kina ala iliyopigiliwa pembeni mwa sinki, mpini juu, makali ukutani. Ukikiacha kisu shubiri moja kutoka mahali pake, Bibi anapita, hasemi kitu, anakirudisha. Siku ya kwanza alirudisha vitu vyangu mara saba. Nilihesabu.

Jambo jingine lililoingia daftarini siku hiyohiyo: Mzee hamtazami mkewe usoni. Wakizungumza, yeye hutazama bega la Bibi, au dirisha, au sufuria. Niliandika hivyo bila kuongeza neno.

Tulitoka Tanga saa kumi alfajiri kwa umande, upepo wa nchi kavu, kama wanavyotoka majahazi. Mkondo wa bahari kati ya Tanga na Pemba ni mrefu kwenda chini, mamia ya mita, na maji yake ni ya buluu iliyokolea mpaka karibu nyeusi. Halafu ghafla, upande wa Pemba, ukuta wa matumbawe unapanda na chombo kinatakiwa kipite penye pengo. Pengo moja ndilo hilo la Fundo. Kuna ujuzi wa kulipita na ujuzi huo ni jua. Ukienda mashariki asubuhi, jua liko machoni, bahari yote ni kioo kimoja cheupe, huoni jiwe mpaka likugonge. Unapaswa kufika mchana, jua likiwa juu na nyuma yako, ndipo maji yanapokuonyesha rangi zake: buluu ni kina, kijani ni kina kinachopungua, hudhurungi ni mwamba, na nyeupe ya maziwa ni mchanga. Ramani zinasaidia, lakini Bibi alinionyesha mahali kwenye kitabu chake cha safari alipoandika kwamba mtambo wa GPS ulimwonyesha ametia nanga katikati ya mashamba. Ramani za pwani hii zina mizizi katika vipimo vya zamani vya jeshi la majini la Uingereza, na setilaiti hazikubaliani nazo kila mahali.

Saa nane mchana tulikuwa mbele ya mlango. Hapo nikaona kitu ambacho sijakiona katika chombo chochote.

Bibi alijifunga kanga ya rangi ya machungwa, ile inayong'aa, aliyoinunua Ngamiani. (Maneno yake yalikuwa ya kumsuta jirani mmbeya. Nilipomfasiria alicheka mpaka akakaa chini, maana wao hawana jirani.) Akaenda kusimama omo kabisa, mkono mmoja ameshika kamba ya chuma inayozuia mlingoti, mgongo ameupa chombo. Mzee akashika usukani. Mimi nikapandishwa mlingotini mpaka kwenye kipande cha mbao kilichofungwa hapo, niite rangi. Nikawa naita: kijani kulia, hudhurungi kushoto, buluu mbele. Bibi alisikiliza, akanyoosha mkono wake wote, si kidole, mkono mzima kutoka begani, kulia au kushoto, na ile kanga ikapepea nao. Mzee aligeuza usukani mara mkono ulipoondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Nimekulia kwenye majahazi ambako kuingia Fundo ni matusi ya dakika ishirini, na matusi yenyewe ni sehemu ya urubani. Hawa waliingia kimya kama watu wanaobeba kitanda chenye mgonjwa.

Nilipoangalia chini niliona uso wa Mzee. Hakuwa akimtazama mkewe. Alikuwa akitazama pembeni yake, kiasi cha hatua mbili kando, baharini.

Siku ya tatu tulitia nanga kisiwa cha Misali. Bibi alikuwa majini anaogelea. Mzee akamimina chai, na nikaona kwamba kidole chake cha shahada kimo ndani ya kikombe, kwenye ukingo, kinangoja chai ikifikie. Akaniambia bila kugeuka:

"Wewe unaandika kila usiku. Umekwisha kuandika kuhusu macho yangu?"

Nikamwambia nimeandika kwamba hamtazami mkewe usoni.

Alicheka sana. Akanieleza. Ana ugonjwa wa uzee unaokula katikati ya jicho. Kingo zinabaki, katikati panakuwa na doa, kama mtu amekubandikia sarafu kwenye kioo. Akikitazama kitu moja kwa moja, kinapotea. Akitazama kando yake, kinarudi, hafifu lakini kinarudi. "Nikimtazama usoni," akasema, "namwona masikio na nywele. Nikitazama bega lake ndipo namwona yeye." Kisha akanywa chai yake.

Basi vile vitu vyote vikajipanga vyenyewe: kisu na ala yake, chumvi na shimo lake, mkono mzima badala ya kidole, kanga inayong'aa. Na mimi pia. Hawakuwa wanatafuta rubani tu. Walikuwa wanatafuta macho ya kukodi.

Tangu siku hiyo niliangalia kwa jicho la mtu anayejua. Ramani anasoma Bibi, kwa sauti, kila jioni: kina, mwamba, taa inayowaka kila baada ya sekunde ngapi. Mzee anafumba macho anaipanga kichwani. Kesho yake ukimwuliza anakwambia, na hakosei. Injini ni yake. Kule Misali pampu ya maji ya injini ilikufa, akaifungua, akatoa mpira wake uliokatika, akaweka mpya, akafunga, yote kwa vidole, jua limekwisha kuzama na taa hakuwasha. Alisema injini haijawahi kuhitaji macho, inahitaji subira na spana namba 10. Mafundo yote ni yake. Kuonja upepo ni kwake: husimama, hugeuza shingo huku na huku, husema umegeuka kidogo, na kweli nusu saa baadaye tanga linaanza kupigapiga.

Bibi ana rafu ya vitabu vya watu waliokaa baharini wawili wawili. Kuna vya Eric na Susan Hiscock, Waingereza waliozunguka dunia kati ya mwaka 1952 na 1955 kwa boti ya futi 30 iliyoitwa Wanderer III. Eric huyo macho yake yalikuwa dhaifu, na ndiye aliyewafundisha nusu ya mabaharia wa matanga wa dunia kwa vitabu vyake. Kuna vya Lin na Larry Pardey, ambao boti yao ya kwanza haikufika hata futi 25 na haikuwa na injini kabisa. Nilimwuliza Bibi kwa nini anasoma vitabu vya maisha anayoyaishi. Akasema yeye hasomi mawimbi, anasoma jikoni: anataka kujua nani alikuwa anapika, nani aliamka usiku, na waligombana kuhusu nini. Na vitabu, akasema, mengi hayo vinayaruka. Nilipenda jibu hilo. Wacha niyaandike mimi.

Waligombana kuhusu hivi.

Kutoka Unguja mjini mpaka Kilindoni, Mafia, ni zaidi ya maili 100 za bahari, kwa hiyo lazima ulale njiani. Mambo ya mihuri na foleni za Unguja nayaruka, yanachosha kuyasoma kama yalivyochosha kuyafanya. Tuling'oa nanga saa tisa alasiri, kaskazi iko mgongoni, na giza lilipoingia wakaanza zamu: saa tatu yeye, saa tatu mwenzake, mpaka asubuhi. Mimi niliruhusiwa kukaa na yeyote.

Hapo nikajifunza jambo la ndoa ambalo silioni kwenye riwaya. Watu hawa wanaishi ndani ya mita 11, huwezi kupiga chafya mwenzako asikuambie pole, lakini chombo kikiwa safarini usiku hawalali pamoja hata mara moja. Mmoja akiwa macho, mwingine amelala. Wanakutana dakika kumi tu za kupokezana. Anayetoka anatengeneza chai ya anayeingia. Anamwambia: upepo ni huu, meli moja imepita kushoto, wavuvi wako mbele, tanga nimelipunguza. Anampa kamba ya usalama aifunge mwilini. Kisha anashuka, anaingia kwenye kitanda ambacho bado kina joto la mwenzake. Ndivyo walivyovuka bahari ya Hindi, siku kwa siku. Miaka 14. Joto la kitanda na chai.

Katika zamu ya Mzee nilimwuliza anaonaje gizani. Akasema gizani sote tunakuwa kama yeye. Ni kweli, nawe jaribu leo usiku: tafuta nyota hafifu, itazame moja kwa moja, itapotea. Tazama kando yake, itarudi. Katikati ya jicho la binadamu yeyote hakufai gizani. Wavuvi wa dagaa wa upande wa Dar es Salaam, taa zao zikiwa bado ni vumbi tu kwenye upeo, yeye alizitaja kabla yangu.

Nikamwuliza pia kama hawaogopi. Watu wa baharini Tanga hawajamsahau Paul na Rachel Chandler, mume na mke Waingereza, waliotoka Ushelisheli mwezi Oktoba mwaka 2009 kwa boti yao Lynn Rival wakija huku Tanga. Hawakufika. Maharamia wa Kisomali waliwakamata tarehe 23 mwezi huo, wakawashikilia siku 388, na kuna wakati waliwatenganisha. Waliachiwa tarehe 14 Novemba 2010. Mzee alisema wakati ule yeye na Bibi walikuwa bado wanatafuta boti ya kununua, na kila jamaa aliwatumia habari hiyo. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama najua walichofanya wale watu baadaye. Nikasema sijui. Boti yao ilikuwa imeokolewa, wakaitengeneza, na mwaka 2012 wakang'oa nanga tena ndani ya boti ileile. Alisema hayo kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Saa nane usiku upepo ukazidi. Kamba ya tanga la mbele ikanasa juu ya omo, tanga likawa linapiga kama bunduki. Bibi alikuwa amepanda tayari. Mzee akafungua kamba yake ya usalama kutoka ndoano ya nyuma, akataka kwenda omo kuinasua. Kwa vidole, alisema, ni kazi ya vidole. Bibi akasema hapana. Yeye akasema miaka yote omo usiku ni kazi yake. Bibi akasema hapana. Walikuwa wananong'ona, kwa sababu yangu nadhani, lakini kunong'ona ndani ya upepo ule kulikuwa kama kupiga kelele. Mzee akauliza kama sasa amekuwa mzigo humu chomboni. Bibi akamshika kola ya koti kwa mikono miwili. Akamwambia:

"Ukianguka wewe, mimi nitageuza chombo nije nikutafute. Nikianguka mimi, utanitafutaje?"

Mzee hakujibu. Alirudisha ndoano mahali pake. Nikaenda mimi omo, nimefungwa kamba, nikainasua, hiyo si habari. Habari ni kwamba walipokwisha kugombana hawakuwa na pa kwenda. Kwetu Baba akiudhika anakwenda barazani, Mama anakwenda kwa jirani, mpaka magharibi hasira imepoa. Hawa yeye alikaa tezi, mwenzake akashuka ngazi vidato vinne, na ilikuwa bado zamu ya mtu na bado kulikuwa na miamba mbele. Baada ya nusu saa mkono wa Bibi ulitokea mlangoni na kikombe cha chai. Mzee alikipokea. Alitazama kando ya kikombe.

Asubuhi, Kilindoni imekwisha kuonekana, walinieleza lililobaki. Hii ilikuwa safari ya mwisho. Wangekaa Mafia mpaka kusi ianze, kisha waipeleke boti kaskazini, Kilifi, ikauzwe huko. Bibi alisema anaweza kuiendesha peke yake akiwa na mtu wa kukodi kama mimi, lakini hataki kuwa nahodha wa abiria. Mzee alisema hataki kuwa abiria. Walisema hivyo mbele yangu, kila mmoja upande wake wa meza, na ni dhahiri walikuwa wamekwisha kuyasema mara nyingi mpaka maneno yamelainika. Watapanga nyumba ndogo kwao karibu na binti yao. Nikauliza nyumba ndogo kiasi gani. Bibi akasema vyumba vitatu, na akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekiri woga, kwamba hajui atakisikiaje kikohozi cha Mzee kutoka chumba cha tatu.

Walinilipa siku 19 bila kukata hata moja. Bibi akanipa chupa ya jamu ya machungwa kwa ajili ya Mama, ameipika mwenyewe tukiwa Misali. Nikapanda boti ya Nyamisati, basi la Dar es Salaam, basi la Tanga, na kote njiani niliandika.

Mama aliionja jamu kwa ncha ya kijiko. Akaanza kuuliza. Jiko lilikuwaje? Chumvi iliwekwa wapi isilowe? Alikuwa analala upande gani wa kitanda? Nikamchorea boti yote kwenye karatasi, akaiweka mapajani. Nilipofika kwenye zamu za usiku na chai, akanikatiza.

"Mbona hivyo ndivyo nilivyokaa na baba yako."

Nikamwangalia. Akasema, wewe unadhani nani humjua baba yako anarudi lini? Na kweli. Mama hana simu ya jahazi. Huhesabu mwezi, anajua bamvua ni lini na maji mafu ni lini. Huamka alfajiri anasimama mlango wa uani kuusikiliza umande, na ukiwa mzuri anasema wameshatoka Wete, anabandika maharage. Maharage yanaiva Baba akiwa anapita mlangoni. Nimekula maharage hayo miaka yangu yote.

Kisha akaniambia jambo ambalo mimi ni mtoto wake wa kwanza na sikuwahi kulisikia. Mwaka 1997, alipoletwa Tanga kama bibi harusi, aliletwa kwa jahazi la Baba. Mabaharia walikuwa wawili, mmoja ana homa. Usiku, katikati ya mkondo, kalafati ikafunguka upande mmoja, maji yakaingia. Yule mzima alishika usukani. Baba akashuka kufua maji, na Mama, hina bado mbichi mikononi, akavua viatu akashuka naye. Walifua maji kwa ndoo mbili, bega kwa bega, magunia ya nazi yakielea karibu yao, mpaka walipoiona taa ya Ulenge.

"Hakunipandisha tena," Mama alisema. "Kila nikitaka kwenda kwetu ananikatia tiketi ya meli, hata kama ni ya kuzungukia Unguja. Alisema hataki kuniona tena nikifua maji. Mimi sikumwambia kwamba nataka. Wala sikumwambia kwamba sitaki."

Jioni nilimkuta Baba barazani anashona tanga. Nikamwuliza kuhusu usiku ule. Sindano ilisimama.

"Alikuwa na nguvu," akasema. "Sikutegemea." Kisha akaendelea kushona.

Dada yake Mama anaozesha Wete mwisho wa mwezi huu, maji mafu, na kaskazi imetulia. Nimemwambia Baba kwamba jahazi siku hizo halina shehena kubwa na kwamba mimi nipo kama baharia wa tatu. Alisema tutaona. Mpaka ninapoandika haya hajasema ndiyo wala hapana. Mama amekwisha kununua vidonge vya kuzuia kutapika, ameviweka kwenye rafu karibu na chupa ya jamu.